Omeprazoli Humezwa Kabla ya Chai

Fungua kapsuli ya omeprazoli juu ya kisahani, utaona chembechembe ndogo nyeupe zikitawanyika. Kila chembe imevikwa utando usioyeyuka kwenye asidi, maana dawa hii, inayotibu wingi wa asidi, yenyewe huharibiwa na asidi. Utando huilinda mpaka ifike kwenye utumbo mwembamba. Ndiyo maana chembe hizo hazitafunwi wala hazisagwi.

Ikishaingia kwenye damu, hurudi tumboni kwa mlango wa nyuma: hupenya seli za ukuta wa tumbo na kuziba pampu zinazomwaga asidi. Dawa haikai kwenye damu hata siku moja, lakini pampu iliyozibwa ndiyo basi tena. Mwili hutengeneza nyingine. Ila huzibwa pampu zilizo kazini tu, na kinachoziamsha ni chakula. Kwa hiyo dozi, mara nyingi miligramu 20, humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Aliyekwisha kula pilau la usiku, kifua kikawaka, ndipo akaikumbuka, amechelewa. Huyo angefaidika zaidi na vidonge vya kutafuna vya kupoza asidi. Na asiilaumu siku ya kwanza; nguvu yake hukamilika baada ya siku kadhaa.

Tangu kampuni ya Astra ya Sweden ilipoitoa mwaka 1988, imewaokoa wengi. Kinachonikera ni kuimeza mwaka hadi mwaka bila kupimwa. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Omeprazoli peke yake haimmalizi. Zinahitajika antibiotiki pamoja nayo, kwa kawaida siku 14. Vingine huletwa na diklofenaki ya maumivu ya mgongo, na hapo cha kuangaliwa kwanza ni hiyo diklofenaki. Aliyeitumia omeprazoli miezi mingi akaiacha ghafla, asidi humrudia kwa kishindo, akadhani ugonjwa umezidi.

Ukiandikiwa kipimo cha bakteria huyo cha kinyesi au cha pumzi, mwambie daktari kama unameza omeprazoli. Kwa kawaida husimamishwa wiki mbili kabla, la sivyo majibu yanaweza kusema huna ilhali unaye. Lakini mwenye choo cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula kooni, asisubiri hizo wiki mbili. Aende hospitali leo.