Vishikwambi vilifika. Mwalimu je?

Uzi mfupi, wadau. Tangu ahadi ya laptopu ya 2013, iliyoishia kuwa vishikwambi vya darasa la kwanza 2016, sisi hubishana tu kuhusu mashine: ngapi, pesa ngapi, nani alipewa tenda.

Sasa ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya umilisi 7 wa kimsingi kwa CBC. Atakayeufundisha ni huyu kijana aliye chuo cha ualimu leo. Na kujua TikTok si kujua kufunza sehemu za mmea kwa kishikwambi kimoja, watoto 60, stima ikipotea. Hiyo hujifunzwa kwa mazoezi ya kufundisha. Lakini mkufunzi akija kumkagua na kutafuta chati za manila tu, atajaribu saa ngapi?

Mwaniaji akiahidi mashine, muulize ametengea vyuo vya ualimu ngapi.