Namba 4 Isiyohama

Mitunguu, Imenti Kusini katika kaunti ya Meru, ndizi ni pesa. Maji ya umwagiliaji huzistawisha hata jua likiwaka, na mnunuzi akifika mabishano huwa yale yale: mkungu uuzwe kwa jicho au kwa mizani? Tuseme kikundi kimechagua mizani, na karani wake anaweka daftari kwenye kompyuta. Safu A ni namba ya mstari, B namba ya mwanachama, C jina, D kijiji, E kilo, F deni la mbolea.

Anataka akiandika namba ya mwanachama kwenye seli J2, aletewe kilo zake. Kazi hiyo ni ya VLOOKUP ya Excel, ila fomula hii hudai kuambiwa kilo ziko safu ya ngapi. Mkono hukimbilia 5, maana E ni herufi ya 5. Sivyo. Hesabu huanzia safu ya kwanza ya eneo linalotafutwa, si ukingoni mwa ukurasa. Eneo ni B hadi F, basi B ni 1 na E ni 4: =VLOOKUP(J2,B:F,4,FALSE). Akiandika 5 ataletewa deni. Akiandika 6 ataona alama ya kosa #REF!, kwa kuwa safu ni 5 tu. (Waliotumia Lotus 1-2-3, programu ya 1983, walihesabu safu ya kwanza kuwa 0!)

Hatari yenyewe huja baadaye. Mwenyekiti anataka idadi ya mikungu nayo iandikwe, karani anaingiza safu mpya kati ya kijiji na kilo. Programu inajirekebisha: B:F inakuwa B:G, J2 inakuwa K2. Lakini 4 ni namba tupu, haijafungwa kwenye safu yoyote, hivyo haiguswi. Sasa safu ya 4 ni mikungu. Aliyeleta kilo 340 katika mikungu 14 analipwa kilo 14, na hakuna alama ya kosa popote. Kosa la kimya namna hii naliogopa kuliko #REF! kumi.

Dawa ni kuiachia kompyuta ihesabu: mahali pa 4 weka MATCH("Kilo",B1:G1,0), isome vichwa vya safu na kutaja nafasi ya neno hilo. XLOOKUP, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2019, haihitaji namba kabisa, ila matoleo ya zamani ya Excel hayaijui. MATCH yanaijua. Na mtu akigeuza kichwa "Kilo" kuwa "Uzito", fomula itatoa #N/A, karani ashtuke kabla pesa hazijatumwa kwa M-Pesa.