WAINI YAKO YA ROZELA INA TOPE? SOMA HAPA KABLA HUJATUMA MZIGO

Mwaka jana nilipata oda ya chupa 24 za send-off. Nikapaki fasta, nikatuma. Jioni naletewa picha: "Dada, mbona ina tope? Imeharibika hii, nirudishie hela." Haikuwa imeharibika, ila utamwelezaje mtu ambaye wageni wake wameshakaa? Nilirudisha hela yote.

Mtandaoni mteja haonji, anaangalia picha. Kwa hiyo tuelewane leo.

TOPE LINATOKA WAPI?
Mara nyingi ni vitu viwili. Cha kwanza ni hamira ambayo bado inaelea. Cha pili ni pektini, ile inayogandisha jemu. Ukichemsha rozela muda mrefu pektini inatoka kwa wingi, na hiyo haitulii kirahisi.

FANYA HIVI
1. Usichemshe rozela. Chemsha maji, epua, ndiyo uloweke. Usikamue machicha kwa nguvu, acha yachuje yenyewe.

2. Tumia hamira ya waini. Ya mandazi inafanya kazi, ila mashapo yake ni mepesi, ukitikisa kidogo tu yanapanda.

3. Subiri iache kuchachuka. Hapa ndipo wengi tunafeli. Pima na haidromita siku tatu mfululizo, namba isibadilike. Kuacha kutoa mapovu peke yake siyo uhakika.

4. Hamisha kwa mpira. Weka ndoo juu, chombo safi chini, vuta ya juu tu, mashapo yabaki. Usimimine, hewa ikiingia sana ladha inaharibika.

5. Baridi. Weka kwenye friji siku 3 hadi 7, hamira itashuka chini. Huna friji kubwa? Funga vizuri, weka sehemu yenye ubaridi na giza, ipe mwezi au zaidi. Muda ni bure.

6. Bado ina ukungu? Tumia gelatini isiyo na ladha wala rangi. Kwa lita 20 kijiko kimoja cha chai kinatosha. Koroga kwenye kikombe cha maji ya moto yasiyochemka, mimina kwenye waini ikiwa ya baridi, acha siku 2 au 3, kisha hamisha tena. Rangi inaweza kupungua kidogo. Gelatini inatokana na wanyama, kwa hiyo mteja asiyekula nyama mwambie.

Gelatini inasaidia zaidi kwenye hamira. Kama tatizo ni pektini, dawa yake ni pektinase, na inafanya kazi vizuri ikiwekwa mwanzoni kabla ya hamira.

ANGALIZO
Kung'aa siyo kuiva. Waini inaweza kuwa safi kama kioo na bado ina sukari na hamira. Ukiifunga hivyo, chupa inaweza kupasuka mikononi mwa boda. Na ikinuka siki, hiyo usiing'arishe, imeshageuka.

Halafu hiki ni kilevi. Leseni, TBS na stempu za TRA kwanza, na usimuuzie aliye chini ya miaka 18.

Siku hizi kabla ya kupaki nashika chupa mbele ya taa. Nisipoona vidole vyangu upande wa pili, mzigo hautoki. Mteja akilalamika namwambia ukweli: subiri siku tano. Wengi wanasubiri.

Wewe yako inakusumbua wapi? Andika hapo chini tusaidiane.