Mzazi wa Kulesa, usiogope ‘skibidi’

Shule zikifungwa, simu ya mama haiwi ya mama tena. Kijana aliyemaliza muhula mzima bwenini bila simu anarudi Kulesa, huku delta ya Tana, anasalimia watu, anakula, kisha anauliza kama kuna bando. Simu yenyewe ni ile ile inayopokea pesa za maembe na ndizi kwa M-Pesa, kioo kimepasuka pembeni. Kufikia magharibi imejaa vicheko. Mama akichungulia anakuta maandishi ambayo si Kipokomo, si Kiswahili, na Kiingereza alichofundishwa yeye hakikuwa hivyo: no cap, rizz, delulu, form ni gani, skibidi, na mwishoni tarakimu 6 na 7 zimekaa pamoja bila hesabu yoyote kuulizwa.

Hapo moyo unaanza kumdunda. Hii ni lugha ya bangi? Ya mapenzi? Mtoto ameingizwa kwenye kundi gani?

Jibu langu huwaudhi baadhi ya wazazi: maneno hayo mengi hayana kitu. Skibidi ilivuma kutokana na vikatuni vya YouTube vya mwaka 2023, ambamo kichwa cha mtu kinachomoza chooni kikiimba. Basi. No cap ni “sidanganyi”. Delulu ni mtu anayejidanganya mwenyewe, hasa kwamba fulani anampenda. Rizz ni ule ufundi wa kumvutia mtu kwa maneno, na watunzi wa kamusi za Oxford waliitangaza kuwa neno la mwaka 2023. Form ni gani ni ya Nairobi na inauliza tu mpango ukoje. Na hiyo sita-saba inayowachosha walimu duniani ilitoka katika wimbo wa rapa Skrilla wa Philadelphia, Marekani. Dictionary.com waliichagua kuwa neno la mwaka 2025 huku wakikiri kwamba maana yake hasa haikamatiki. Kwa hiyo mwanao akikuambia haina maana, usimwite mwongo. Kwa mara moja anasema kweli tupu.

Kuwa na lugha ya kuwafungia wakubwa nje si uvumbuzi wa TikTok. Edward Steere, mmishenari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alipochapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alitia mwishoni mifano ya kinyume, ule mchezo wa Waswahili wa kuing’oa silabi ya mwisho na kuitanguliza, kitabu kikawa bukita, nyumba ikawa mbanyu. Zaidi ya miaka 150 baadaye vijana wa Nairobi wanafanya yale yale wanapoigeuza stori kuwa risto. Sheng yenyewe, lugha hiyo ya vijana wa Nairobi, iliyokulia mitaa ya Eastlands na kushamiri kuanzia miaka ya 1970, imeshapata wajukuu. Mwanaisimu Chege Githiora aliiandikia kitabu kizima mwaka 2018, akiichukulia kuwa Kiswahili cha Kenya cha aina yake. Wazazi wengi wanaoilalamikia leo waliongea Sheng ya zamani zao, ila wameisahau au wanajifanya wameisahau.

Huku kwenye delta ya Tana, lugha hazijawahi kuwa moja. Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Wanaisimu huviweka pamoja na Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro katika jamii moja waliyoiita Sabaki. Kiorma kimetoka ukoo mwingine kabisa, ule wa Kikushi. Siku ya soko mjini Garsen, mtu anaweza kubadilisha lugha mara tatu kabla hajapokea chenji. Na maneno na nyimbo kusafiri si jambo geni kwa watu wa mto huu. Mwaka 1963 sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto ilichukuliwa ikawa wimbo wa taifa la Kenya. Zamani zile Tana iliipelekea Nairobi wimbo, sasa Nairobi ndiyo inayoiletea Tana maneno kwa bando ya shilingi ishirini.

Kuna hofu moja ninayoikubali bila ubishi, nayo ni ya walimu wa Kiswahili. Mwanafunzi akiandika kwenye insha kwamba “mathe alinishow nisichelewe”, alama zinakwenda. Lakini hilo ni suala la kujua mahali pa neno, na mtoto wa Kulesa anayeongea Kipokomo na nyanya yake na Kiswahili na mwalimu wake ameshalijua somo hilo kabla ya kufika darasa la kwanza. Akumbushwe tu.

Ninachokikataa ni imani kwamba neno geni ndilo neno baya. Imani hiyo haiko nyumbani tu, hata serikalini imo. Aprili 2022, uchaguzi mkuu wa Agosti ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki. Ndani yake lilikuwamo “sipangwingwi”, neno la mtaani lililovumishwa mwaka 2021 na wimbo wa Exray akiwa na Trio Mio na Ssaru, kisha likadakwa na kambi ya William Ruto katika kampeni. Ukilipasua neno hilo, ndani utakuta kijana anayesema hapangiwi maisha. Katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na “madoadoa”. Hilo halikuzaliwa mtaani. Ni Kiswahili cha watoto wadogo: ng’ombe ana madoadoa, chui ana madoadoa. Lakini katika machafuko ya Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990 lilitumiwa kuwataja majirani wa kabila jingine waliotakiwa kuondolewa. Kati ya maneno hayo mawili, moja liliwakera wazee na jingine lilifukuza watu makwao, na lililofukuza watu limo katika kila kamusi.

Watu wa Garsen hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Agosti na Septemba 2012, katika mapigano ya wakulima na wafugaji ya Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani, zaidi ya watu mia moja waliuawa. Chuki ile haikuhitaji Sheng.

Sasa nirudi kwenye simu ya mama, maana mtandaoni ni vivyo hivyo. Ujumbe unaostahili kumkosesha mzazi usingizi huandikwa kwa lugha ambayo hata nyanya angeielewa. Huanza hivi: “Mambo mrembo, nimeipenda picha yako.” Kisha: “Uko shule gani?” Kisha swali dogo ambalo wazazi wengi wangelipita bila kulitazama mara mbili: “Simu ni yako ama ya mamako?”

Tusimame hapo. Anayeuliza hivyo hajali simu ni ya nani. Anataka kujua kama kuna jicho jingine linalosoma. Akijibiwa kwamba ni ya mama, atauliza mama huichukua saa ngapi, au atamwelekeza mtoto kuweka mpangilio wa WhatsApp unaofanya ujumbe ujifute wenyewe. Baadaye zinafuata: “Hii iwe siri yetu, watu wana wivu.” “Nitumie picha, ni mimi tu nitaona.” “Nitakutumia nauli uje Malindi, jioni utakuwa umerudi.” Wakenya tumeigeuza nauli kuwa kichekesho, kwamba msichana ametumiwa nauli akaila na hakutokea. Kwa mtu mzima huo ni mzaha. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne aliyeko kando ya mto, nauli kutoka kwa mtu asiyemjua ni mtego, na haina hata neno moja la kutafutiwa tafsiri.

Wavulana nao wasisahauliwe, kwani tumezoea kuwahofia mabinti peke yao. Wao huletewa nafasi katika timu ya mpira Mombasa, mradi watume ada ya usajili. Au kazi ya mtandaoni isiyotaka cheti. Au binti mzuri wa kwenye picha ambaye, baada ya siku chache, anadai pesa la sivyo picha alizotumiwa zitasambazwa. Kijana aliyenaswa hivyo haongei lugha ngeni. Hunyamaza.

Yapo maneno machache ya vijana ambayo mzazi akiyasikia asiyapuuze. “Mubaba” na “sponsor” ni mwanamume mtu mzima mwenye pesa zake anayewalea wasichana kwa masharti yanayojulikana. “Veve” na “jaba” ni miraa. Lakini kuyasikia si ushahidi. Vijana wengi huyataja kwa sababu yamo katika nyimbo na vichekesho. Uliza anayesemwa ni nani kabla ya kuutafuta mwiko.

Mwezi wa Machi 2025 Netflix ilitoa tamthilia ya Kiingereza iitwayo Adolescence, ya vipindi vinne, kuhusu mvulana wa miaka 13 anayeshtakiwa kumuua msichana wa shule yake. Ni hadithi ya kubuni, ila ina tukio ambalo kila mzazi angefaa kulitazama. Mpelelezi ana mikononi maandishi ya watoto hao ya mtandaoni. Ameyasoma, ameridhika kwamba wale wawili walikuwa marafiki. Mwanawe mwenyewe, anayesoma shule hiyo hiyo, ndiye anayemvuta kando na kumweleza kwamba vile vikatuni vidogo vya rangi vilikuwa matusi. Polisi mzima, na mkalimani wake alikuwa akilala chumba cha pili.

Kwa hiyo mkalimani unaye. Mwambie akufundishe. Si kwa sauti ya askari wa barabarani, bali jioni mnapomenya mihogo: hii rizz ni nini, nani katika darasa lenu anayo? Atacheka, atakuona umepitwa, atakueleza. Anayekueleza skibidi leo ndiye atakayeweza kukuonyesha kesho ujumbe wa “iwe siri yetu”. Aliyevunjiwa simu kwa sababu ya skibidi hatakuonyesha kitu. Atatafuta laini ya pili na simu ya rafiki, na huko hutafika.

Serikali nyingine zimeamua kufunga mlango kabisa. Australia, tangu Desemba 10, 2025, imewazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Huku kwetu TikTok na Facebook zenyewe zinasema mtumiaji awe ametimiza miaka 13, sharti ambalo mtoto hulivuka kwa kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa. Sitegemei marufuku yafike Kulesa na kufanya kazi. Naitegemea zaidi hali ambayo wengi huiona kuwa umaskini: simu moja ya nyumba nzima, inayokaa ukumbini, inayoshikwa na mama, shangazi na watoto kwa zamu. Familia yenye simu ya namna hiyo isikimbilie kumnunulia mtoto yake ya kufungia chumbani.

Na ikiwa ujumbe mbaya umeshaingia, usiufute, hata kama unakutia aibu. Usimjibu aliyeutuma wala usimtumie pesa anazodai. Piga picha ya skrini, andika namba na jina la akaunti, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu uulizie dawati la jinsia. Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua unyanyasaji wa mtandaoni, na sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 inaadhibu usambazaji wa picha chafu za watoto. Ikiwa ni usiku, au kituo kiko mbali, au mtoto anaogopa kumwambia mtu wa nyumbani, ipo simu ya kuwasaidia watoto Kenya nzima: 116. Kupiga ni bure, mchana na usiku, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.