Uvira: Mpira wa zamani bado uko midomoni mwa wazee, lakini majina yanapotea

Jioni ikiingia katika kata ya Nyamianda, mjini Uvira, mazungumzo ya mpira huwa na pande mbili. Upande mmoja wako vijana: Real Madrid, Barcelona, Arsenal, simu mkononi, matokeo yanafika dakika ile ile. Upande wa pili wako papa zao na wajomba zao, na hao hawahitaji simu. Kwao, mechi iliyochezwa miaka hamsini iliyopita bado haijaisha. Mmoja anasema bao lilifungwa kwa kichwa, mwingine anaapa kwamba lilikuwa la mguu wa kushoto, na wa tatu anacheka, kwa sababu anajua wote wawili hawakuwa uwanjani. Walisikia kwa redio.

Ukikaa nao kidogo, utagundua kwamba hawazungumzi mpira peke yake, bali wanazungumza mji. Kila bao lina mahali pake: duka lililokuwa na redio kubwa, lori lililobeba wachezaji, bandari ya Kalundu, kiwanda cha sukari cha Kiliba, mpaka wa Kavimvira. Wengi wao hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka mechi, na kwa mechi hizo wanajua nani alioa mwaka gani, nani alizaliwa, nani alihama na hakurudi.

Redio moja, watu wengi

Kwa wenye umri mkubwa zaidi, masimulizi yanaanzia 1968. Tarehe 21 Januari mwaka huo, huko Addis Ababa, timu ya taifa ya Kongo iliifunga Ghana 1-0 kwa bao la Kalala na kuchukua Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Kwa Uvira ushindi ule ulikuwa na uzito wa pekee. Miaka minne tu nyuma yake, Mei 1964, mji ulikuwa umeingia mikononi mwa waasi wa Simba, na familia nyingi zilikimbilia mlimani au kuvuka mpaka. Watu waliozoea kusogelea redio ili kujua vita vimefika wapi, safari hii waliisogelea kusikia jina la nchi yao likitajwa kwa furaha.

Vilabu navyo vilikuwa vinatamba. TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaiita TP Mazembe, ilichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika 1967 na 1968. Mwaka 1973 ilikuwa zamu ya AS Vita Club ya Kinshasa. Lubumbashi na Kinshasa ni mbali sana na Ziwa Tanganyika, lakini redio ilizileta mpaka kwenye baraza za Nyamianda.

Kisha ukaja 1974, mwaka ambao wazee hawachoki kuusimulia. Mwezi Machi, nchini Misri, Leopards ya Zaire ilicheza fainali na Zambia ikatoka sare 2-2. Wakati ule hapakuwa na penalti za kuamua fainali, kwa hiyo mechi ilirudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi zile mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na hakuna aliyefikia idadi hiyo katika Kombe la Afrika moja mpaka leo.

Miezi mitatu baadaye Leopards ilikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tunajua yaliyotokea: 2-0 mbele ya Scotland, 9-0 mbele ya Yugoslavia, 3-0 mbele ya Brazil.

Hapo wazee wengine hupunguza sauti, na ni vizuri tuwasikilize hapo pia. Zamani haikuwa pepo. Wachezaji wale walikwenda Ujerumani wakiwa wameahidiwa mengi, na fedha zao hazikuwafikia. Baada ya mabao tisa ya Yugoslavia, walitishwa na watu wa utawala. Mwepu Ilunga, yule beki aliyetoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujachezwa, alichekwa na dunia nzima kana kwamba hakujua sheria. Baadaye alieleza kwamba alizijua vizuri. Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kujiumiza kwa ajili ya watu waliokula jasho lake.

Mji kati ya mlima na ziwa

Uvira ni mji mrefu na mwembamba. Upande mmoja kuna milima ya Mitumba, upande mwingine Ziwa Tanganyika, na katikati barabara ya taifa namba 5 inapita kama uzi. Katika mji wa namna hiyo, mahali tambarare na pa wazi ni mali kubwa. Kiwanja cha mpira kilikuwa pia mahali pa mikutano, pa sherehe za shule, pa vijana kutazamana na pa wamama kuuza ndagala na karanga.

Nyuma ya mpira ule kulikuwa na kazi. Kote Kongo, tangu wakati wa Wabelgiji, timu zilikua chini ya kampuni, misheni, shule na jeshi. Kampuni ilitoa jezi, lori, na mara nyingi ajira kwa mchezaji mwenye kipaji. Kwa hiyo mzee anapotaja Kiliba au Kalundu katikati ya hadithi ya mpira, hajapotea njia. Anataja mahali palipotoa mishahara. Sukari ilitoka Kiliba, meli zilitoka Kalundu kwenda Kalemie, Kigoma na Bujumbura, na siku ya kwanza ya mapumziko pesa kidogo ya mfanyakazi ilipita kiwanjani.

Mpira ulifungua pia njia. Kwenda Bukavu ni kama kilometa 130 kupitia Kamanyola na makona ya Ngomo, safari ya vumbi ambayo wengi waliikubali ili waone Muungano na Dawa wakikutana kwenye uwanja wa Concorde, kule Kadutu. Na Bujumbura ilikuwa karibu zaidi. Ukivuka Kavimvira na Gatumba, kwa mwendo wa gari usiofika saa moja, uko mjini. Baada ya Burundi, Rwanda na Zaire kuunda jumuiya ya CEPGL mwaka 1976, kuvuka kulikuwa jambo la kawaida kwa watu wa pande zote. Wapenzi wa mpira wa Uvira walikuwa na timu ya nyumbani upande huu na nyingine ya moyoni upande ule. Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992 na kushindwa na Africa Sports ya Ivory Coast, huzuni haikuishia kwenye mto Ruzizi.

Jina moja linaunganisha vizuri pande hizo mbili: Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akapitia Vital'O, kisha Yanga ya Dar es Salaam, kabla ya kufika Ulaya na kuchagua kuvaa jezi ya Kongo. Mwezi Mei 2004 aliingia uwanjani akitokea benchi katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, Monaco dhidi ya Porto. Monaco ilifungwa 3-0. Lakini mpenzi wa zamani atakuonyesha kitu ambacho vijana hawakukiona: mechi ile ilichezwa Gelsenkirchen, mji ule ule ambako Leopards ilifungwa mabao tisa miaka thelathini nyuma.

Timu zilivyotawanyika

Halafu masimulizi yanafika mahali ambapo kila mtu anatazama chini. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na wakimbizi wa Burundi wakajaa Uvira na bonde la Ruzizi. Oktoba 1996, vita vilivyoileta AFDL viliingia Uvira. Mwaka huo huo kiwanda cha Kiliba kilisimama. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mkoani Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na ikapokea maelfu ya watu wa Kivu Kusini.

Timu haifi kwa kufungwa mabao. Inakufa wakati kipa yuko Nyarugusu, beki yuko Bujumbura, mshambuliaji hajulikani alipo, na kampuni iliyonunua jezi imefunga milango. Wale waliobaki walianza upya na vijana wengine. Vita vingine vilikuja baada ya hivyo, na hadithi ikawa ile ile. Desemba 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Uvira, maelfu kwa maelfu ya wakaaji walivuka tena kwenda Burundi kwa njia ile ile ya Kavimvira ambayo baba zao waliipita kwenda kutazama mpira.

Na maji nayo yamedai sehemu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilifurisha mto Mulongwe na mito mingine inayoteremka kutoka Mitumba. Makumi ya watu walikufa, na makumi ya maelfu walikosa makao. Ziwa lenyewe lilipanda miaka ile, likarudia kupanda 2024, likaingia katika nyumba za kando yake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo likishajaa, kupungua kwake ni kwa polepole. Wazee wanajua hilo, kwa sababu wanakumbuka lilivyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Katika mji usio na nafasi, aliyepoteza nyumba hutafuta mahali pa wazi, na mahali pa wazi ni kiwanja. Hakuna wa kumlaumu mama anayetandika turubai mahali ambapo palikuwa na goli. Lakini kila kiwanja kinapopotea, watoto wa kata hiyo wanabaki kucheza barabarani kati ya pikipiki, na wazee wanapoteza mahali pa kunyoosha kidole wakisema: ilikuwa pale.

Dakika moja ya kimya kwa mtu aliye hai

Turudi kwa Ndaye Mulamba, kwa sababu maisha yake yana somo kwa Nyamianda. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kuheshimiwa wakati wa Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, wanyang'anyi walimpiga risasi mguuni. Baadaye alihamia Afrika Kusini na kuishi huko kwa shida. Mwaka 1998, Kombe la Afrika likiwa Burkina Faso, habari zilifika kwamba amekufa, na uwanja mzima ukasimama dakika moja ya kimya kwa ajili yake. Alikuwa hai. Alifariki Januari 2019, Johannesburg, miaka ishirini na mmoja baada ya bara lake kumwombolezea.

Kama hayo yalimpata mtu wa mabao 9, ambaye jina lake liko katika vitabu vya dunia, je, winga wa Nyamianda aliyechezea timu ya kata miaka ya 1970 au 1980 atakumbukwa na nani? Yeye hayumo katika kitabu chochote. Yumo vichwani mwa watu kumi, labda watano, na kila mwaka mmoja wao anazikwa.

Vijana wa Kongo nao wana yao ya kusimulia. Walimwona Florent Ibenge akichukua CHAN ya 2016 hapo jirani, Rwanda, kwa kuifunga Mali 3-0 mjini Kigali. Picha za siku hiyo ziko kwenye simu kwa maelfu. Timu za Uvira za zamani hazikupata bahati hiyo. Picha zao chache zilikuwa ukutani au ndani ya masanduku, na masanduku mengi yalibaki nyuma siku ya kukimbia, au yalilowa mwaka 2020.

Kwa hiyo kazi iliyopo ni ndogo na ya haraka. Simu ile ile inayoleta matokeo ya Madrid inaweza kurekodi sauti ya mzee kwa nusu saa. Daftari moja la shule linatosha kwa majina ya timu nzima. Shule, parokia na vyama vya mpira vya mji vinaweza kulitunza, na ndugu walio Nyarugusu, Bujumbura au Marekani wanaweza kutuma yale wanayoyakumbuka, hata kama ni jina moja la utani.

Anayetaka kuanza asimwulize mzee kuhusu mfungaji, kwa sababu kuhusu wafungaji watabishana mpaka usiku. Aulize kwanza kipa alikuwa nani, na nyumba yao ilikuwa wapi. Mengine yatakuja yenyewe.