Programu huria humpa mtumiaji usemi zaidi

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuimarisha usalama wa Windows 10. Waliotaka kuendelea kulindwa walitakiwa kuhamia Windows 11 au kujisajili katika mpango wa muda. Tarakilishi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vyema hazikutimiza masharti ya Windows 11. Mwenye mashine hakuwa na usemi, kwani uamuzi ulikuwa wa mwenye programu.

Hapo ndipo tofauti baina ya programu za kampuni na programu huria inapojitokeza. Kila programu huanza kama maandishi ya maelekezo, yaani msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo huo, na mnunuzi hupewa leseni ya kutumia pekee. Programu huria, mathalan Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, hutolewa pamoja na msimbo wake. Yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza.

Faida ya kwanza ni gharama. Shule yenye tarakilishi 20 inaweza kuweka LibreOffice katika zote bila kulipia leseni hata moja.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, ni uwezo wa kuibadilisha programu ikidhi mahitaji ya wanaoitumia. OpenMRS, inayohifadhi rekodi za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka wa 2004, na mnamo 2006 ikaanza kutumika mjini Eldoret katika kuwahudumia waathiriwa wa virusi vya HIV. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, baadaye iliwezekana kujenga juu yake mfumo wa KenyaEMR, unaofuata taratibu za matibabu za humu nchini.

Hali kadhalika, Kiswahili kimenufaika. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maelezo ya Kiswahili. Wataalamu hao hawakulazimika kusubiri kampuni yoyote ione faida katika lugha hii.

Hata hivyo, kukosekana kwa ada ya leseni hakumaanishi kuwa hakuna gharama. Lazima wawepo mafundi wa kuweka programu, kuitunza na kuwafunza wafanyakazi. Aidha, uwazi pekee si kinga. Kasoro ya Heartbleed, iliyogunduliwa mwaka wa 2014 katika programu huria ya OpenSSL, ilikuwa imekaa humo takriban miaka miwili bila kutambuliwa.

Kwa hivyo, shule au hospitali inayochagua programu haina budi kuuliza zaidi ya bei. Iwapo aliyeiunda ataiacha kesho, nani ataruhusiwa kuirekebisha? Na je, rekodi zilizomo zitaweza kuhamishwa kwingine? Kwa programu huria, angalau ruhusa hiyo ipo tangu siku ya kwanza.