Je, Wajua? Maksai Akiuzwa, Shamba Nalo Huugua

Je, wajua kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2 duniani walibanwa kiuchumi na matibabu waliyolipia kutoka mfukoni? Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga nchini Tanzania, njia ya kubanwa huko ni rahisi kuiona. Pamba huleta fedha mara moja kwa mwaka, na ugonjwa hausubiri msimu. Basi huuzwa ng'ombe, tena kwa bei ya shida. Akiwa maksai wa kulimia, msimu ujao hulimwa nusu shamba: bili imekwisha, hasara bado inaendelea.

Wapo wasemao bila malipo hospitali zitakosa dawa. Ni kweli, dawa zina gharama. Lakini hoja ni lini mtu alipe. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, wengi hulipa siku ya kuumwa. Igunga, wilaya jirani, ilijaribu Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996, kaya ichangie ingali na afya. Wazo zuri, ila hiari iliwaacha wengi nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamlenga kila mkazi. Basi hata wachimbaji wadogo wa madini wa Geita, wasio na mshahara wa kukatwa mchango, wasisahauliwe.